Chungu cha Elisha na Mchicha wa Bondeni



Ndugu wapendwa, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusubiri mlangoni pa sakristia. Wengi mnamfahamu kwa sura, kwa maana kila zamu ya jumuiya yake inapofika, yeye huleta altareni kikapu cha mchicha na matembele, mboga alizozilima kwa mikono yake bondeni, kando ya mto Msimbazi. Safari hii hakuwa na kikapu. Alikuwa amesikia redioni kwamba mboga za kando ya mto zina sumu ya metali, na swali lake lilikuwa fupi: "Baba Paroko, zile mboga nilizokuwa nawaletea, nilikuwa nawalisha sumu?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Mboga zile tulizila sisi wenyewe katika nyumba ya mapadre, na sehemu kubwa zaidi ilikwenda jikoni kwa shule yetu ya awali, ambako watoto wetu hupata chakula cha mchana. Kumwambia mama yule asiogope kungekuwa rahisi, na kumwambia asilete tena kungekuwa rahisi zaidi. Tulimwomba atupe juma moja. Tafakari hii ndiyo jibu letu kwake, na ni neno letu kwa kila nyumba ya parokia hii inayonunua fungu la mchicha gengeni jioni bila kuuliza lilikotoka.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasimuliwa juu ya njaa iliyoikumba nchi wakati nabii Elisha alipokuwa Gilgali. Nabii aliagiza chungu kikubwa kitelekwe ili wanafunzi wake wale. Mmoja wao alikwenda shambani kuchuma mboga, akakuta mtango wa mwitu, akajaza vazi lake, akarudi na kukatakata matunda yale chunguni, kwa kuwa hakuyajua. Walipoonja tu walilia kwamba chungu kimebeba kifo. Elisha akaomba unga, akautia chunguni, na watu wakala bila kudhurika.

Tazameni mambo matatu katika kisa hiki. Nabii hakumkaripia aliyechuma, kwa maana yule alikwenda kutafuta chakula wakati wa njaa, na alichuma asichokijua. Nabii hakuwaambia wenye njaa waendelee kula kwa kuwa hawana kingine. Na tena hakukimwaga chungu na kuwaacha na njaa yao. Alitafuta njia ya kukifanya chakula kiwe chakula tena. Mambo haya matatu yatuongoze tunapolitazama bonde letu.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, hukatiza katikati ya jiji la Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani. Hupokea maji ya viwanda, ya gereji, ya machinjio, ya mabwawa ya majitaka na ya mitaro ya nyumba zetu. Kando yake, kwa miaka mingi, wanaume na wanawake wasio na ardhi nyingine wamepiga matuta, wakachota maji ya mto kwa ndoo na keni, wakastawisha mchicha, chainizi, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde. Mchicha huwa tayari kuvunwa katika wiki tatu au nne, na kwa mtu asiye na mtaji hakuna zao linalomrudishia fedha yake haraka kuliko hilo. Sehemu kubwa sana ya mboga za majani zinazoliwa jijini zimetoka katika bustani za namna hii. Ndizo zilizosomesha baadhi ya watoto tuliowapa Komunyo ya Kwanza katika kanisa letu.

Lakini mto uleule unaoleta maji huleta pia kile tusichokiona. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kisayansi la Food Chemistry matokeo ya upimaji wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walitafuta ndani yake kadimiamu, shaba, risasi na zinki. Walizikuta, na katika baadhi ya mboga kiasi kilikuwa kimepita mipaka inayokubaliwa kwa chakula cha binadamu. Tafiti nyingine zimefuata tangu wakati huo, na kengele imeendelea kulia ileile. Kwa hiyo habari aliyoisikia mama yetu redioni si mpya. Ilitangazwa zaidi ya miaka 25 iliyopita, nasi tuliendelea kupita gengeni kama kawaida.

Tunaposema risasi hapa hatumaanishi ile ya bunduki, ingawa asili ni moja. Ni metali laini na nzito inayotumika katika betri za magari, na ambayo kwa miaka mingi ilitiwa katika rangi na katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, moshi wa miaka ile yote uliangusha risasi kandokando ya barabara, na risasi haiozi. Mabaki ya chakula huoza, karatasi huoza, hata mfupa huoza. Metali haina cha kuoza. Ikishuka udongoni hukaa, na mafuriko yanapokuja, kama yale makubwa ya Desemba 2011, tope la mto hutandazwa upya juu ya matuta.

Metali hizi huingia katika mboga kwa njia mbili. Ya kwanza ni vumbi na tope linalonata juu ya majani. Hii ndiyo njia kubwa ya risasi, kwa kuwa risasi iliyomo udongoni hupendelea kubaki kwenye mizizi. Ya pili ni mmea wenyewe kunywa metali pamoja na maji. Hii ndiyo njia ya kadimiamu, ambayo hupanda kutoka mzizini hadi kwenye jani kwa wepesi mkubwa. Ndiyo maana mboga za majani hubeba zaidi kuliko mazao ya tunda kama nyanya, bamia au maharage. Na ndiyo maana kuosha husaidia, tena husaidia sana kwa risasi iliyonata juu, lakini hakuwezi kuitoa kadimiamu iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Moto wa jikoni nao hauna msaada, kwa sababu metali haiungui wala haiyeyuki ikatoweka na mvuke wa sufuria.

Mipaka ya kimataifa ya chakula imeweka, kwa mboga za majani, miligramu 0.3 za risasi na miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kila kilo moja. Hicho ni kiasi kidogo, uzito wa punje chache za chumvi katika kilo nzima ya mboga. Hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Hapa ndipo chungu chetu kinapotofautiana na kile cha Elisha. Wanafunzi wa nabii walionja wakalia palepale. Sisi tunaonja, tunasifu nazi iliyokolea, tunaongeza ugali.

Je, metali hizi hufanya nini mwilini? Risasi husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, ini na figo, kisha hujificha katika mifupa na meno, ambako inaweza kudumu kwa miongo ya miaka. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyekula kitu kilekile. Kwa mama mjamzito, risasi iliyolala mifupani tangu ujana wake huamka, huingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Huko huupata ubongo ambao ndio kwanza unaumbwa. Mtoto huyo hazaliwi na alama yoyote. Anakua, anacheza, anaanza shule, kisha mwalimu anasema hasikilizi, ni mzito wa kuelewa, anasahau upesi, ana hasira. Mzazi humchapa, mwalimu humchapa, na hakuna anayefikiri kwamba huenda kuna deni ambalo mtoto amelipishwa kabla ya kuzaliwa. Kwa watu wazima risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilikiondoa kiwango cha risasi ambacho hapo awali kilihesabiwa kuwa kinavumilika kwa wiki, kwa kuwa kilionekana hakimlindi mtu tena. Leo Shirika hilo linafundisha kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kadimiamu ni ya taratibu zaidi. Hukusanyika katika figo, na nusu ya ile iliyoingia huchukua miaka kati ya 10 na 30 kutoka. Ikizidi, figo hushindwa kuzuia vitu ambavyo mwili unavihitaji, mifupa hupoteza nguvu, na tangu mwaka 1993 imewekwa miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Anayekula leo haugui kesho. Wala si kipindupindu, ambacho humwangusha mtu mchana na jioni tukajua la kufanya. Ni ugonjwa usio na siku ya kuanza.

Kuna mto mwingine, mbali na hapa, ambao historia yake yafaa tuijue. Ni mto Jinzu, katika mkoa wa Toyama, nchini Japani. Mgodi wa Kamioka ulikuwa ukimwaga mabaki yake mtoni, na wakulima wa chini ya mto walimwagilia mpunga kwa maji hayo. Kwa miongo mingi wanawake wa vijiji vile, wengi wao akina mama waliokwisha kuzaa watoto kadhaa, walipata maumivu makali ya mifupa, na mifupa yenyewe ikawa inavunjika kwa kukohoa tu. Ugonjwa ulipewa jina kutokana na kilio chao: "inauma, inauma." Daktari wa eneo hilo, Noboru Hagino, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunyoshea mgodi kidole, na hakusikilizwa upesi. Mnamo 1968 serikali ya Japani ilikubali kwamba chanzo ni kadimiamu iliyotoka mgodini, na mwaka 1971 mahakama iliwapa wagonjwa haki yao dhidi ya kampuni. Kisha ilibidi udongo wa mashamba ushughulikiwe upya, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 30 hadi kukamilika mwaka 2012. Hatusemi kwamba bonde la Msimbazi limefika huko. Tunasema kwamba wale akina mama nao walikuwa wakila chakula cha shamba lao wenyewe, na kwamba gharama ya kunyamaza ililipwa kwa mifupa yao.

Sasa tunajua mtasema nini, kwa sababu tumekwisha kuyasikia katika jumuiya ndogo ndogo.

Wapo wanaosema: babu zetu walikula mchicha wa bondeni, wakaishi hadi uzee. Ni kweli walikula. Lakini bonde la babu zetu halikuwa na viwanda hivi, wala betri hizi, wala jiji la mamilioni ya watu linalotiririsha uchafu wake humo. Jina la mto ni lilelile. Maji siyo yaleyale.

Wapo wanaosema: basi tuache kula mboga za majani. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Majani ya kijani humpa mtoto madini ya chuma, humpa vitamini A kwa ajili ya macho yake, humpa mama mjamzito kile kinachomlinda mtoto tumboni asipate kasoro ya uti wa mgongo. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na wa kalsiamu hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Mtoto mwenye njaa hudhurika kuliko mtoto aliyeshiba vizuri. Anayemnyima mtoto mboga kwa hofu ya risasi aweza kuwa anaifungulia risasi mlango.

Na wapo wanaosema, tena hao ndio wenye sauti kubwa: wafukuzwe wakulima wa bondeni, matuta yafyekwe, mambo yaishe. Hapa, ndugu wapendwa, ni lazima tuseme wazi. Kufyeka matuta hakuondoi hata chembe moja ya risasi katika udongo. Kunamwondoa tu yule maskini aliyekuwa akiishi juu yake. Atakwenda wapi? Atakwenda kando ya mtaro mwingine, kwa sababu hana kisima wala shamba, na mboga zake zitarudi katika genge lilelile. Mkulima huyu ndiye yule aliyekwenda kuchuma wakati wa njaa. Hakuyeyusha betri. Hakufungua bomba la kiwanda usiku. Hakumwaga rangi mtoni. Yeye na watoto wake ndio wa kwanza kuzila mboga hizo, na ndio wanaozila kila siku. Ikiwa kuna wa kuhukumiwa, tuanze juu ya mto kabla ya kufika chini.

Jiji letu limekwisha kutufundisha somo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililowatesa kwa moshi na uvundo, na walishinda. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Tunawaheshimu watu wale, kwa maana walionyesha kwamba mwananchi wa kawaida aweza kusimama na kusikilizwa. Lakini taka zenyewe zilikwenda wapi? Zikaishia Vingunguti, katika bonde hilihili la Msimbazi, mahali ambapo watu walikuwa maskini zaidi na wenye sauti ndogo zaidi. Uchafu unaohamishwa bila kuondolewa hutafuta mlango wa mnyonge. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visitenganishwe. Bondeni kwetu vilio hivyo viwili hutoka katika tuta moja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, wenye nia ya kupunguza mafuriko na kuifanya sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Tunauombea heri. Lakini tunauliza, na tunawaomba viongozi wetu waulize pamoja nasi: palipo na bustani ya kupumzikia, yule aliyekuwa na bustani ya mboga amepewa nini? Na maji yanayotoka juu yatasafishwa, au yataendelea kupita yalivyo, yakitazamwa tu kutoka katika viti vizuri zaidi?

Basi unga wa Elisha kwetu ni upi? Hakuna unga wa kutia sufuriani ukaondoa kadimiamu. Unga wetu hauna budi kutiwa kabla ya sufuria: katika maji, katika udongo, katika uchaguzi wa zao na katika dhamiri zetu.

Nyumbani, muulizeni muuza mboga zimelimwa wapi, kwa upole na bila dharau. Msichukue mahali pamoja kila siku. Anayebadilisha chanzo na aina ya mboga hupunguza mzigo. Ondoeni mizizi na majani ya chini yaliyogusa udongo, kisha osheni kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kukata, si baada ya kukata. Wapeni watoto dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, na maziwa kila yapatikanapo, kwa sababu chuma na kalsiamu huizuia risasi njiani. Jihadharini pia na sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, kwani nazo zaweza kutoa risasi. Mboga si mlango pekee. Taarifa ya UNICEF ya mwaka 2020 ilieleza kwamba mtoto 1 katika kila watoto 3 duniani, yaani takriban milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na njia zilizoifikisha huko ni nyingi.

Bustanini, anayeweza kuacha maji ya mto aache. Anayelima kando ya barabara kuu arudi nyuma, na apande ua wa miti mifupi wa kupokea vumbi. Udongo wenye tindikali huachia metali kwa urahisi, hivyo chokaa ya kilimo na mboji safi husaidia kuzifunga. Mahali penye shaka pafaa bamia, nyanya na maharage kuliko mchicha, na mahali pabaya kabisa pafaa maua na miche ya miti ya kivuli, ambayo jiji hili huinunua kila siku. Mwenye eneo dogo alime katika magunia au katika matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali panapoaminika.

Nanyi wenye gereji, wenye viwanda na wenye karakana, tunaojua kwamba mnasali pamoja nasi na kutoa zaka: tindikali ya betri mnaimwaga wapi? Maji ya kuoshea mapipa yanakwenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi huu, nanyi mnaijua kuliko sisi. Hatuwezi kupokea sadaka yenu kwa mkono wa kulia tukafumba jicho kwa yale yanayomwagwa na mkono wa kushoto. Anayemwaga sumu mtoni usiku asijifariji kwamba hamjui atakayeinywa. Anamjua. Huketi benchi la nyuma yake katika Misa ya pili.

Kwa upande wa parokia, tumekaa na Halmashauri ya Walei na tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, sampuli za udongo, za maji na za mboga kutoka katika bustani za waamini wetu zitapelekwa kupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa gharama ya parokia, na majibu yatasomwa kanisani hata kama yatatuumiza. Pili, mpaka majibu yatoke, jiko la shule ya awali halitapika mboga za bondeni. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na hatuna haki ya kubahatisha juu yao. Tatu, lile eneo nyuma ya ukumbi, ambalo wengi wenu mmelichangia ili liwe maegesho ya magari, tunapendekeza ligawanywe matuta na kupewa wale wanaolima kando ya mto, wamwagilie kwa maji ya kisima cha parokia. Shule itanunua kwao mboga kwa bei ya sokoni.

Tunajua pendekezo hili la tatu halitawafurahisha wote. Mmetoa fedha zenu kwa ajili ya maegesho, na jua la mchana huchoma magari yaliyoachwa barabarani. Halitatosha wakulima wote pia. Eneo ni dogo, nao ni wengi. Lakini hatuoni namna ya kumwambia mama yule aache udongo wake mbaya huku sisi tukiufunika udongo wetu mzuri kwa lami. Mtakaopinga njooni mkutanoni Jumapili hii baada ya Misa ya pili, mseme, nasi tutawasikiliza. Fedha iliyokwisha kutolewa haitatumika kwa lolote mpaka ninyi mliotoa mmekubali.

Na sasa kwako wewe, mama yetu, uliyetusubiri mlangoni. Uliuliza kama ulitulisha sumu. Huenda ndani ya kikapu kile lilikuwamo jambo ambalo wewe hukulitia na hukuweza kuliona. Wewe ulileta ulichokuwa nacho, nacho kilikuwa chakula cha watoto wako pia. Anayestahili kuona haya ni yule aliyejua akamwaga, na sisi tuliopaswa kuuliza tukala tukashukuru. Usiache kuja altareni kwa sababu ya kikapu. Njoo mikono mitupu kama ndivyo ilivyo, na masika yajayo, Mungu akipenda na wenzako wakikubali, tuta la kwanza nyuma ya ukumbi litakuwa lako.

Tuwaombee wanaolima, wanaouza na wanaokula. Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.